Chumvi na Moyo: Sura Moja ya Historia ya Chakula Chetu

Utamaduni wa taifa unapotajwa, mawazo ya wengi wetu hukimbilia ngoma, mavazi, methali na majengo ya kale. Ni nadra mtu kukikumbuka chungu kilicho jikoni. Hata hivyo chakula ni sehemu ya utamaduni iliyo karibu mno na mwili wa mwanadamu, kwani ngoma huchezwa kwa siku zake, bali chungu hutelekwa kila siku, na kinachotiwa humo hufanya kazi katika damu na mishipa kwa miaka mingi. Katika insha hii nakusudia kueleza habari za kitu kimoja tu kati ya vitu vinavyotiwa chunguni, nacho ni chumvi. Nimekichagua kwa kuwa kina historia ndefu sana katika nchi yetu, na kwa kuwa ndani ya historia hiyo limo jibu la swali lililowahi kuwatatiza madaktari wengi: ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao hapo zamani ulisemekana haupo kwa Waafrika, uliingiaje katika nyumba zetu?

Mashariki ya Kigoma, karibu na mahali ambapo mto Ruchugi unaungana na Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza. Mwaka 1967 wataalamu wawili, Sutton na Roberts, walifukua ardhi ya hapo, wakakuta mashimo, mabaki ya majiko na vigae vya vyungu vinavyoonyesha kwamba watu walikuwa wakiyachemsha maji hayo tangu karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Kwa hiyo kazi hiyo ilikwisha kuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja wakati Burton, Mwingereza, alipopita Uvinza mwaka 1858 akielekea Ujiji na kuandika sifa za chumvi yake. Kazi yenyewe ilifanywa wakati wa kiangazi. Watu walitoka Unyamwezi, Uha na kwingineko, wakajenga vibanda vya muda, wakakata kuni, wakachota maji na kuyachemsha mpaka yakakauka. Sehemu ya chumvi iliyopatikana ilikuwa kodi ya watawala wa Uvinza, na iliyobaki ilikuwa mali ya mchemshaji. Akaifunga, akaitia begani, akaondoka nayo kwa miguu kwenda kuiuza au kuibadilisha kwa majembe, nafaka na mifugo.

Uvinza haikuwa peke yake. Huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, chumvi ilichemshwa tangu karne ya 13 hivi. Kibiro, katika ufuko wa Ziwa Albert nchini Uganda, wanawake walikuwa na ustadi wao wa kuikamua chumvi kutoka katika udongo. Watu wa pwani waliipata baharini. Na mahali pengi pa bara ambapo hapakuwa na chemchemi wala bahari, watu walichoma matete na majani fulani, wakamimina maji juu ya majivu na kuyachuja, wakayatumia maji hayo au kuyakausha. Msomaji anayesoma kemia atapenda kujua kwamba chumvi ya majivu ya mimea kwa kawaida huwa na potasiamu nyingi kuliko sodiamu. Nitalirudia jambo hili mbele, maana lina uzito.

Kitu kilichopatikana kwa taabu namna hiyo hakikuweza kumwagwa ovyo. Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi upande wa Tabora, alikuwa akiiweka chumvi yake katika kibuyu kidogo kilichotundikwa juu ya jiko ili moshi na joto viizuie isilowe. Sisi wajukuu hatukuruhusiwa kukigusa. Alipopika mlenda, au majani ya kunde yaliyokaushwa, alitia karanga zilizotwangwa kwanza, na chumvi ikaja mwisho kabisa, kiasi cha ncha za vidole viwili. Wakati huo duka lilikuwapo kijijini na chumvi ilikuwa rahisi, lakini mkono wake ulikuwa bado na adabu ya zamani. Mimi nilidhani ni ubahili.

Lugha yetu nayo imehifadhi mawazo ya enzi hizo. Mzee mwenye umri mkubwa husemwa kwamba amekula chumvi nyingi. Kijana wa leo akiyasikia maneno hayo anaweza kufikiri kwamba wazee walikuwa wakila chumvi kwa wingi. Nionavyo mimi, maana yake ni kinyume cha hayo: chumvi ililiwa chembe kwa chembe, hata mtu akihesabiwa kuwa ameila nyingi, basi hapana budi ameishi miaka mingi. Na lugha hiyo hiyo humwambia mtu anayezidisha maneno katika habari ya kweli kwamba ametia chumvi. Waliotunga usemi huo walikuwa wakijua vema ladha ya mchuzi uliozidishwa.

Mambo yalibadilika kwa haraka katika karne ya 20. Utawala wa Kijerumani ulizitoa chemchemi za Uvinza mikononi mwa wenyeji na kuzitia katika mikono ya kampuni. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikipita Uvinza kwenyewe, na mzigo uliokuwa ukibebwa begani kwa majuma mengi sasa uliweza kusafirishwa kwa siku chache. Chumvi ya pwani na ya ng'ambo iliingia madukani. Katika mashamba ya mkonge na migodini, mfanyakazi alipimiwa posho, na katika posho hiyo chumvi ilikuwamo pamoja na unga na maharage. Mboga za majani mara nyingi alijitafutia mwenyewe akipata nafasi. Hivyo kitu kilichokuwa hazina kikawa bidhaa ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine dukani. Heshima yake, hata hivyo, haikupungua. Mapishi ya kumkirimu mgeni, mapishi ya sikukuu, mapishi ya mtu mwenye uwezo, yote yaliendelea kupimwa kwa chumvi, na sasa hapakuwa na kitu cha kuuzuia mkono.

Hapa yatupasa kuyasikiliza yale waliyoyaandika madaktari. Mwaka 1929 daktari mmoja wa serikali ya kikoloni, Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini nchini Kenya, alichapisha mjini London matokeo ya kuwapima shinikizo la damu wanaume 1,000 wa huko. Alikuta kwamba, tofauti na Wazungu, shinikizo lao halikupanda kwa kadiri walivyozeeka. Aliongeza kuwa kati ya wagonjwa 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa muda wa miaka miwili hakumwona hata mmoja mwenye ugonjwa huo. Ugonjwa wa kuziba mishipa ya moyo nao ulikuwa adimu vivyo hivyo. Trowell, daktari aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1929 na kufundisha kwa miaka mingi Mulago, Kampala, alipomkuta Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa huo aliona kwamba jambo hilo linastahili kuandikwa. Makala yake, aliyoiandika pamoja na mwenzake Singh, ilitoka mwaka 1956. Mgonjwa mmoja tu alitosha kuwa habari ya jarida.

Wapo waliozichukua habari kama hizo na kusema kwamba mwili wa Mwafrika umeumbwa namna nyingine. Fikra hiyo yafaa ichunguzwe kwa makini na wanafunzi wetu, kwa maana ina sumu iliyofichika. Ukikubali kwamba mtu hupona kwa rangi yake, utakubali pia kwamba huugua kwa rangi yake, na hutakuwa na haja ya kutazama anakula nini, analipwa nini, na anaishi wapi. Jibu lilipatikana katika uchunguzi uliofanywa katika Afrika Mashariki yenyewe, na mara mbili lilitokana na watu waliohama.

Uchunguzi wa kwanza ni wa vijana wa Kisamburu wa kaskazini ya Kenya. Hao ni wafugaji ambao chakula chao kilikuwa hasa maziwa, na nyama na damu kwa nyakati zake, bila chumvi ya kuongeza isipokuwa kidogo sana. Baadhi yao walijiunga na jeshi. Shaper na wenzake, ambao habari zao zilitoka mwaka 1969, waliwafuata vijana hao katika utumishi wao wakaona kwamba walipokwisha kuzoea posho ya jeshi, yenye nafaka na chumvi nyingi, shinikizo la damu yao lilipanda. Hawa hawakuwa wazee wala wanene. Walikuwa askari wenye afya, wanaokimbia na kubeba mizigo kila siku.

Uchunguzi wa pili ni mkubwa zaidi, na binafsi nauona kuwa mojawapo ya kazi zenye thamani kubwa kuhusu afya ya watu wa sehemu hii ya dunia. Wataalamu wa Kenya na Uingereza waliwachunguza Wajaluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi. Walipimwa mara kwa mara kwa muda wa hadi miaka miwili, wakalinganishwa na wenzao wa umri uleule na vijiji vilevile waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Miezi michache tu baada ya kufika mjini, shinikizo la wahamiaji lilikwisha kuwa juu kuliko la ndugu zao, na mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo: sodiamu ilikuwa imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu. Ni watu wa ukoo mmoja, lugha moja, hata pengine nyumba moja. Kilichogeuka hakikuwa damu waliyozaliwa nayo. Donnison, ikumbukwe, alikuwa amewapima watu wa upande huo huo wa nchi miaka 60 hivi kabla yao.

Kati ya tafiti hizo mbili, mwaka 1988, ulitolewa pia uchunguzi wa kimataifa uliowahusu watu zaidi ya 10,000 katika vituo 52 vya nchi 32. Vituo vinne tu, vyote vya watu wa mbali na miji, ndivyo vilivyoonekana kuwa na matumizi madogo sana ya chumvi na shinikizo la chini, na kimojawapo kilikuwa cha wanavijiji wa Kenya.

Njia inayotumiwa na chumvi kuudhuru moyo si ngumu kuielewa. Sodiamu ni ya lazima mwilini, lakini kwa kiasi kidogo. Ikizidi, figo haziwahi kuitoa yote, na mwili huyazuia maji ili kuizimua. Maji hayo huiongeza damu ndani ya mishipa, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mambo hayo yakiendelea kwa miaka, kuta za mishipa hukakamaa, na msuli wa moyo hunenepa kama mkono wa mhunzi. Ila mhunzi hupumzika jioni, moyo haupumziki. Mwisho wake moyo huchoka, miguu ikavimba na pumzi ikapungua. Au mshipa wa ubongo huziba au kupasuka, na hicho ndicho kiharusi. Au mishipa inayoulisha moyo wenyewe huziba. Potasiamu kwa upande wake huzisaidia figo kuitoa sodiamu, nayo imejaa katika ndizi, maharage, viazi vitamu na mboga za majani. Kwa hiyo chungu cha zamani kilimlinda mlaji kwa njia mbili: sodiamu ilikuwa haba, na potasiamu ilikuwa tele, katika mboga na hata katika maji ya majivu.

Sipendi kueleweka kwamba kila kilichokuwa cha kale kilikuwa dawa. Magadi yanayotumiwa kulainisha mlenda na maharage ni sodiamu vilevile. Papa mkavu na ng'onda, vyakula vya fahari vya watu wa pwani tangu zamani, vimeshiba chumvi. Wala chumvi si sababu pekee ya ugonjwa: unene, pombe, tumbaku, mafuta mazito, kukaa bila kufanya kazi za mwili na kurithi kutoka kwa wazazi, vyote vina sehemu yao. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika nchi yetu, unaojulikana kwa jina la Lugalawa, uliowalinganisha wanakijiji wa milimani waliokula nafaka na mboga na wenzao wa mwambao wa Ziwa Nyasa waliokula samaki kila siku. Maisha yao yalifanana kwa mengi, lakini wala samaki walikuwa na shinikizo la chini zaidi, na mafuta katika damu yao yalikuwa na hali bora zaidi. Basi hata kati ya vijiji na vijiji, kitoweo kilileta tofauti.

Taifa letu lilichelewa kuuona ugonjwa huu, na si kwa uzembe. Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, maadui walioonekana walikuwa malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Kampeni ya Chakula ni Uhai iliyofuata mwaka 1975 ilishughulika na lishe duni. Mtoto aliyekuwa akifa kwa kukosa chakula alistahili kutangulizwa mbele ya mtu mzima aliyekuwa akila chumvi kupita kiasi. Ila wakati tulipokuwa tukipigana mlango wa mbele, mwingine aliingia kwa mlango wa nyuma. Utafiti uliotolewa mwaka 2000, uliofanywa Ilala mjini Dar es Salaam na katika kijiji cha Shari wilayani Hai, ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya watu wazima wa Ilala, na zaidi ya robo ya wale wa Shari, walikuwa na shinikizo la juu. Tazama hesabu ya Shari. Kijiji nacho kilikuwa kimekwisha kuingia katika habari hii, wala mtu wa shamba asijidanganye kwamba ni ugonjwa wa wenye magari. Jambo la kusikitisha zaidi ni kuwa kati ya waliougua, hata mmoja katika kila watano hakuwa akijua. Mwaka 2015 nchi yetu ilianzisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na ni jambo la kujivunia; lakini anayefika kwa daktari bingwa amekwisha kupita jikoni mara elfu nyingi.

Walimu huniuliza kama basi tuwaambie wanafunzi waiache chumvi kabisa. La, hasha. Katika nyanda za juu zetu watu wengi waliteseka kwa rovu, na watoto wakazaliwa na udumavu wa akili, kwa upungufu wa madini joto. Na tangu miaka ya 1990 chumvi ndiyo iliyochaguliwa kuyafikisha madini hayo katika kila nyumba. Chumvi yenye madini joto ni rafiki. Neno tunalolitafuta ni kiasi. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na katika hesabu hiyo huingia ile iliyomo katika mkate, katika vidonge vya kuungia mchuzi, katika chipsi na mishikaki, na ile anayojinyunyizia mtu mezani kabla hata ya kuonja. Tabia hiyo ya mwisho ndiyo inayonichukiza kuliko zote, maana ni kumtukana mpishi na kuudhulumu moyo kwa tendo moja.

Wala si kweli kwamba chakula kisicho na chumvi nyingi lazima kiwe baridi mdomoni. Wapishi wetu walikuwa na ndimu, ukwaju, embe mbichi, pilipili, binzari, kitunguu, tangawizi, karanga za kutwanga, maziwa ya mgando na mboga chungu kama mnafu, ambazo huuamsha ulimi kwa njia nyingine. Elimu ya vitu hivyo ipo kwa bibi na mama zetu, na sehemu kubwa yake haijaandikwa. Mwalimu wa historia akiwatuma wanafunzi wake waulize nyumbani mboga gani zilipikwa zamani, ziliungwa kwa nini, na chumvi ilitoka wapi na kwa bei gani, atapata kumbukumbu ambazo hazimo katika vitabu. Na mwalimu wa sayansi aliye chumba cha pili atakuwa na kazi ya kutosha kuzieleza.

Mwalimu wa hesabu naye asiachwe nyuma. Nyumba ya watu wazima 6, kila mmoja akila gramu 5, hutumia gramu 30 kwa siku, hivyo pakiti ya kilo moja yapaswa kudumu siku 33, na zaidi ya hapo wakila mkate na vyakula vya dukani vyenye chumvi yake. Nilipoifanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliandika tarehe kwa penseli juu ya pakiti yetu mpya, nami sikumwambia mtu. Nasi tu watu 6. Pakiti ilikwisha siku ya 19. Mke wangu alipoelezwa alikikumbuka kile kibuyu cha bibi, akacheka. Siku hizi chupa ya chumvi haiji mezani, na pakiti ya mwisho ilitufikisha siku ya 31.